Pumzi ya Mtani

"Mhehe, umekula nini leo? Harufu ya mbwa naisikia mpaka kwenye mapafu."

Maneno hayo yalitoka kwenye kisemeo, kile kiboksi kidogo kilichobandikwa kooni kwa mzee Otmari Gama. Koo lenyewe lilikuwa limelegea sawa na mwili wake wote, ila mishipa ya fahamu bado ilinong'ona humo ndani, na kisemeo kiliusoma mnong'ono ule kikautamka. Tatizo ni kwamba kiboksi kilikuwa na sauti moja tu, ya mwanamke wa kusoma taarifa ya habari. Basi mzee mzima wa Kingoni, mwenye ndevu nyeupe, aliyechimba makaa ya mawe ujana wake wote, alikuwa akitukana kwa sauti laini ya binti wa redioni.

Twilumba Kikoti hakucheka. Alitaka sana, lakini akicheka yeye, kifua cha mzee kingerukaruka pale kitandani. Alivuta pumzi kwa tumbo, akaishusha taratibu, na kifua cha mzee kikapanda na kushuka pamoja naye.

"Alikuwa mbwa wako," akajibu. "Kafa kwa njaa ya kwako."

Akanyamaza, akavuta tena. Maneno mafupi, pumzi ndefu. Ndivyo mpumuliaji anavyofundishwa, kwa sababu kila neno mtu analosema anatumia hewa ya kutoka, na hewa ya kutoka ikikawia, ya kuingia nayo inachelewa.

Tiba yenyewe ilikuwa hivi. Homa ya kulegea haigusi mapafu. Inalaza mishipa ya fahamu, na ule msuli mpana ulio chini ya mapafu, unaovuta hewa, unasahau kazi yake kwa siku kadhaa. Ukipatikana mkono wa kuuamsha mpaka fahamu zirudi, mgonjwa ataamka na kuomba uji. Usipopatikana, mnachimba kaburi. Mashine za kupumulia zilikuwepo, nani kasema hazikuwepo? Zilikuwa kwenye hospitali kubwa za mikoani, na msimu ule kila moja ilikuwa na mtu wake. Huku kwenye vituo vya afya kama hiki cha Mahinyu kulikuwa na kanda. Ukanda mama aliuvaa mtu mzima wa afya, chini ya mbavu. Ukanda mwana aliuvaa mgonjwa. Ukanda mama ulisikiliza msuli wa mzima, ukanda mwana ukaupiga msuli wa mgonjwa kwa umeme mdogo, papo hapo. Mzima akivuta, mgonjwa anavuta. Mzima akikohoa, mgonjwa anakohoa. Na mzima akilia kwa kwikwi, basi kifua cha mgonjwa nacho kinakwikwa, mpaka hewa inamwishia.

Hapo ndipo palipoua watu miaka ya mwanzo. Mama alimpumulia mwanawe, akamwona amebadilika rangi, akaingiwa na hofu, hofu ikashuka kwenye ukanda, mtoto akafa mbele ya macho yake huku mama ni mzima. Walipojaribu wageni, wageni walichoka, wakasinzia, wengine wakafungua ukanda wakaenda zao kunywa chai. Wataalamu wakaitisha semina. Watu wa Ruvuma na Iringa hawakuingoja hiyo semina. Walijiuliza: nani anakaa msibani usiku kucha bila kulia? Mtani. Nani anamcheka marehemu mchana kweupe, anajilaza kaburini mpaka apewe chochote, kisha anabeba jeneza kwa nguvu kuliko watoto wa marehemu? Mtani huyo huyo. Wangoni na Wahehe walikuwa wameuana vya kutosha enzi za mababu, wakachoka, wakaamua kuchekana. Basi Mhehe akaja kumpumulia Mngoni, na Mngoni akaenda kumpumulia Mhehe. Mtani hakimbii kama mgeni, wala haogopi kama ndugu.

Serikali ilipokuja na sheria yake, kubwa lilikuwa moja: ndugu hapumulii ndugu. Ili mtu asije akajifanya mjanja, ukanda mama ukatiwa pua. Unanusa jasho la aliyeuvaa na jasho la mgonjwa, na ukikuta damu moja unalia na kujizima, isipokuwa mpumuliaji wa kituo abandike kidole chake kuthibitisha kwamba ni yeye aliyeuvaa.

"Kidole," kisemeo kikasema. "Tazama kidole."

Twilumba akatazama. Kidole gumba cha mkono wa kushoto wa mzee kilitikisika juu ya shuka, kidogo tu, kama kinahesabu kitu. Kilikuwa kimeanza asubuhi ile. Fahamu zilikuwa zinarudi. Tangu Jumapili alikuwa amelala hapo bila hata kukunja uso, na Twilumba, ambaye mwenzake wa zamu alikuwa ameugua na kupelekwa mkoani, alikuwa na macho yanayochoma kwa kukesha. Alifurahi mpaka akaogopa kufurahi.

"Usijidai," akasema. "Hata mkia wa mjusi hutikisika."

*

Kabla ya saa sita mchana mlango wa wodi ulisukumwa kwa bega. Aliingia mwanamke mrefu, kanga imemvuka begani, mgongoni amembeba mtoto wa kike wa miaka tisa ambaye miguu yake ilikuwa imening'inia. Nyuma yake alikuja tabibu Ditriki Haule, ambaye kijiji kizima kilimwita daktari, akihema kwa filimbi. Haule alikuwa na pumu ya tangu utotoni. Ndiyo maana yeye hakuweza kumpumulia mtu.

"Aliangusha kikombe asubuhi," mwanamke alikuwa akisema. "Nikamgombeza, daktari. Nikamwambia mvivu. Kisha akaangusha kijiko. Kisha akashindwa kunyanyua kichwa."

Jina lake Kolumba Nyoni, na mtoto ni Rozwita. Walimlaza kitanda cha tatu. Haule akachukua mfuko wa mpira wa kubana kwa mkono, akaufunika usoni kwa mtoto akaanza kubana. Mfuko ule ulikuwa wa mwisho kituoni na ulikuwa umepasuka shingoni. Ameuzungushia plasta mara ngapi sijui. Nusu ya hewa ilitokea pembeni ikifanya fyuu. Ulitosha kuchelewesha mambo, haukutosha kuyazuia.

"Wapumuliaji kutoka Iringa?" Twilumba akauliza.

"Ndege imetua Lukumburu, inasubiri ukungu upungue. Wapo wawili. Wamesema ikipatikana nafasi watafika jioni."

"Jioni," akasema Twilumba.

Haule aliendelea kubana mfuko. Kwenye kabati kulikuwa na kanda nyingine, mama na mwana, ziko tayari. Kilichokosekana ni kifua. Kituo kilikuwa kimefungwa kwa karantini, wauguzi wako vijijini wanachanja, na pale ndani walikuwa watu watano: mzee aliyelegea, mtoto aliyelegea, tabibu mwenye pumu, mpumuliaji aliyekwisha kuvaa ukanda, na mama.

Kolumba alikuwa mwepesi wa kuelewa. Aliutazama ukanda uliokuwa chini ya mbavu za Twilumba, akaufuata waya kwa macho mpaka kitandani kwa mzee Gama, kisha akainamisha uso sakafuni upesi, kama mtu aliyekutwa mkono umo kwenye chungu cha jirani. Twilumba alimwona, na moyo ukamuuma kwa ajili yake, kwa sababu wazo lile lile lilikuwa limempitia yeye pia.

*

"Daktari," kisemeo kikasema kwa sauti yake ya taarifa ya habari. "Nifungueni mimi. Mpeni mtoto."

Mfuko wa mpira ukasimama, kisha ukaendelea. Haule alimtazama Twilumba juu ya kichwa cha mtoto.

"Dada, amesema," akanong'ona. "Sheria inaruhusu. Mgonjwa mwenye akili zake akitamka mwenyewe mbele ya tabibu, inakubalika."

"Hajasema. Anatania."

"Kikoti," mzee akasema, "nimemwita daktari. Hukusikia?"

"Nimesikia. Umelalia pumzi yangu." Akavuta, akashusha. "Unasema kwa pumzi yangu. Lote litokalo hapo ni neno la mtani. Na neno la mtani halishikwi."

"Safari hii sitanii."

"Kila mtani husema hivyo. Kabla hajaondoka na kuku."

Ilikuwa desturi ya kweli, na wote watatu waliijua. Mtani akikuambia nakupa shamba langu, humpeleki mahakamani kudai shamba. Akisema nitakufa kesho, humshonei sanda. Lakini Twilumba alijua pia kwamba anaitumia desturi ile kumziba mzee mdomo, na hilo lilimkera. Mtu alikuwa amelala pale ana akili timamu, amepima maisha yake na ya mtoto wa watu, akatoa. Nani amempa yeye Kikoti mamlaka ya kukataa? Aliona hasira inakuja, akaishika pale pale tumboni isije ikashuka kwenye ukanda. Kidole gumba cha mzee kilikuwa bado kinatikisika. Kile kidole ndicho kilichomshinda. Kumfungua mtu anayekufa ni jambo moja. Kumfungua mtu anayerudi ni jambo jingine, hata kama ameomba mwenyewe.

"Nina miaka sabini na ushee," mzee akasema. "Mapafu haya yameshiba makaa. Huyo bado hajaota hata meno yote."

"Basi ndiyo maana unajiona mjanja. Unataka kutukimbia kabla hujajibu habari ya vita vya mababu." Akamgeukia mama. "Mama Rozi, umekula leo?"

Kolumba alishtuka. "Mimi?"

"Wewe. Vua kanga hiyo. Utampumulia mwenyewe."

"Dada!" Haule aliuachia mfuko kabisa, akaukamata tena. "Utafungwa. Unajua kwa nini ile sheria ipo. Unawajua kina mama waliozikia watoto wao kwenye ukanda."

"Nawajua. Waliachwa peke yao na hofu yao." Akavuta. "Hakuna aliyekaa nao kuwatania."

"Na ukanda utakubali? Una pua ule."

"Una pua, hauna macho. Ukiniuliza, nitaweka kidole changu."

"Itaandikwa wewe ndiye unampumulia. Mtoto akifa, itakuwa wewe uliyemuua."

"Itakuwa mimi," akasema Twilumba. "Lete ukanda."

*

Ukanda ulipogusa ngozi ya Kolumba ulitulia kidogo, ukanusa, kisha ukalia na kutangaza: Undugu umegundulika. Mpumuliaji athibitishe. Twilumba aliinama, waya wa mzee ukamfuata, akabandika kidole gumba kwenye kioo kidogo. Ukanda ukanyamaza. Haule, aliyekwisha kumfunga mtoto ukanda mwana, akaondoa mfuko wa mpira.

Kifua cha mtoto kilipanda ghafla, kikakwama, kikashuka kwa vipande vipande.

"Siwezi!" Kolumba alisema. Kifua cha mtoto kikaruka. "Dada siwezi, mwanangu ana..."

"Usimtazame mtoto. Mtazame mzee."

Twilumba alikisogeza kiti cha Kolumba kwa mguu mpaka kikaelekea kitanda cha mzee na kumpa mtoto mgongo. "Unakiona kifua kile? Kikipanda, vuta. Kikishuka, shusha. Hiyo ndiyo kazi yako yote."

Mama akakikodolea macho kifua cha mzee Gama. Alijaribu. Alivuta kwa mabega, kwa shingo, kwa meno. Machozi yalikuwa tayari yamejaa, na kila yalipotaka kudondoka, nyuma yake mtoto alikwikwa. Haule alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, mkono juu ya mfuko.

"Nyoni wa wapi wewe?" Twilumba akauliza.

"Matimira."

"Ahaa, ndiyo maana. Watu wa Matimira. Wa mwisho kufika vitani, wa kwanza kufika kwenye sufuria."

Kolumba aligeuza uso nusu. "Nani kasema?"

"Babu yangu. Aliwaona migongo tu. Uso wa Mngoni hakuwahi kuuona."

"Uongo mtupu," Kolumba akasema, na kwa kuudhika kule mabega yakashuka, na pumzi ikaingia mahali pake, chini, tumboni. Nyuma yake kifua cha mtoto kikapanda vizuri kwa mara ya kwanza. Haule alifumba macho. "Babu zetu waliwakimbiza ninyi mpaka mkaacha vyungu jikoni."

"Tuliviacha makusudi."

"Mliviacha vina mbwa ndani!" akasema kisemeo kwa ile sauti ya kusoma habari, taratibu, kana kwamba inatangaza bei za mazao, na Kolumba akacheka. Hakupenda kucheka, kilimtoka tu. Mtoto naye akatikisika kitandani, akacheka bila sauti na bila kujijua, akavuta hewa nyingi mno. Midomo yake ilianza kurudiwa na rangi. Jamani, furaha iliyomshika Twilumba pale! Aliiweka chini ya ulimi na kuendelea.

Kisha akaiona taa.

Kwenye kidole cha mzee kulikuwa na kibano chenye taa ndogo iliyowaka kwa kila pigo la moyo. Sauti yake Haule alikuwa ameizima mapema ili isimtishe mama. Taa ilipaswa kuwa ya kijani. Sasa ilikuwa ya njano. Twilumba alielewa mara moja, maana hesabu yake haikuwa ngumu: alikuwa amezungumza mno. Kila kejeli aliyomrushia Kolumba ilimchelewesha mzee kupata hewa, na mapafu yale ya mchimba makaa hayakuwa na akiba ya kungojea.

Akanyamaza. Akavuta ndefu, akashusha ndefu. Taa ikaanza kurudi kijani. Lakini chumba kilipokuwa kimya, Kolumba alianza kusikia ukimya. Shingo yake ikaanza kugeuka kumtafuta mtoto, pumzi ikapanda mabegani, na mtoto akakwikwa.

"Na mahari," akasema Twilumba haraka. "Mama Rozi, walikutoza ng'ombe wangapi? Au walikutoa bure pamoja na mkungu wa ndizi?"

"Bure! Mimi?" Pumzi ikashuka. Mtoto akatulia. Taa ya mzee ikawa njano.

Hakukuwa na njia ya tatu. Aliitafuta na hakuiona. Akisema, mzee anapungukiwa. Akinyamaza, mtoto anapungukiwa. Haule hakuwa na msaada, maana Haule ni wa upande ule ule wa Kolumba, si mtani wake, na alipojaribu kusema neno la kuchekesha lilitoka na woga mtupu mpaka Kolumba akaanza kulia. Utani hauigizwi. Unapewa na mababu au huna.

"Kikoti," mzee akasema. "Endelea kusema."

"Nyamaza wewe."

"Nilitaka kukupa gunia zima ukakataa. Haya, chota kwa kikombe."

Kolumba alicheka, akidhani huo nao ni utani wa gunia na kikombe. Mtoto akavuta vizuri nyuma yake. Twilumba alimtazama mzee machoni. Macho yale hayakuweza kugeuka wala kukonyeza, yalitazama dari tu, lakini alijua kwamba mzee amemshinda. Lile alilolikataa asubuhi kwa mkupuo mmoja, sasa anaombwa alipokee kidogo kidogo, kwa mdomo wake mwenyewe. Alitamani kumchukia kwa hilo. Aliona badala yake anampenda, na kumpenda kulimtisha, kwa sababu mtu unayempenda ndiye usiyepaswa kumpumulia.

Akaendelea kusema.

*

Mchana ule wote walipigana vita vya mababu upya. Kila ukanda ulipolia, Twilumba aliweka kidole chake. Alisema kidogo iwezekanavyo. Alijifunza kumchokoza Kolumba kwa neno moja, kisha anyamaze amwache Kolumba mwenyewe abishe, na kumbe Kolumba akishapata moto alikuwa mbishi wa kutosha. Alieleza habari za shangazi yake aliyemfukuza Mhehe mwizi wa kuku kwa mchi, naye alizungumza kwa pumzi nzuri kabisa, macho yake hayabanduki kifuani kwa mzee. Mzee naye alichangia. Mara kwa mara taa ilirudi kijani, na Twilumba alianza kuamini kwamba labda wote watafika jioni.

"Mwanangu Kolumba," kisemeo kikasema, "shika neno langu. Mhehe akikukaribisha nyama, uliza kwanza jina lake. Si jina la Mhehe. La nyama."

Kolumba alicheka mpaka akajipiga paja. Twilumba mwenyewe tabasamu lilimponyoka. Alipotazama kidoleni, taa ilikuwa nyekundu. Ikawaka, ikakawia, ikawaka. Halafu haikuwaka tena.

Haule aliiona. Aliinuka taratibu, mikono tayari imenyooka mbele, ile mikono ya kwenda kubonyeza kifua cha mtu ili moyo ushtuke. Labda ungeshtuka. Labda usingeshtuka, moyo wa umri ule na mapafu yale. Hakuna ajuaye na hakuna atakayejua. Twilumba alijua hili tu: kwamba Kolumba amekikazia macho kifua kile, kwamba pumzi yake yote inafuata kile, na kwamba akimwona tabibu amempanda mzee kitandani anamponda mbavu, mtoto aliye nyuma yake hatakuwa na mtu wa kumvutia hewa.

Akamtazama Haule. Akatikisa kichwa, kushoto, kulia, pole pole.

Haule alibaki amesimama na mikono yake hewani. Kisha akaishusha, akageukia dirishani.

Twilumba akavuta pumzi. Kifua cha mzee Gama kikapanda. Akashusha, kikashuka. Ukanda haukujali, kwake msuli ni msuli.

"Mzee kanyamaza," Kolumba akasema.

"Amekosa la kujibu," akasema Twilumba. "Mngoni akishindwa hujifanya amelala."

"Ha! Ngoja aamke."

"Ngoja aamke," Twilumba akarudia.

Na sasa maneno yalikuwa bure. Hakuna aliyekuwa anayalipia tena. Angeweza kusema sentensi ndefu, hadithi nzima, aimbe akipenda; hewa ya mzee haikuhitajika na mzee. Wingi ule wa maneno ulimuuma kuliko kitu kingine chochote cha siku ile. Akayatumia. Alimsimulia Kolumba jinsi Wangoni walivyokuja kutoka kusini wakiwa wamevaa ngao mbele na nyuma kwa sababu hawakujua watakimbilia upande gani. Alimtania mzee pale pale alipolala, akamwita mvivu, akamwita mwoga wa vita, kama mtani anavyomwambia marehemu mbele ya wafiwa, na wafiwa wakacheka. Alifanya hivyo kwa tumbo lililotulia, juu, chini, juu, chini, na Kolumba akamfuata, na mtoto akamfuata Kolumba. Kila hofu ilipopanda aliikanyaga. Kila kilio kilipofika kooni alikimeza, kikarudi, akakimeza tena. Huyu mtoto hafi, alijiambia. Leo hafi.

*

Ndege isiyo na rubani ilitua uwanjani jua likiwa bado juu ya migomba. Walishuka wawili, mwanamume aitwaye Mgimwa na dada mmoja mnene ambaye kabla hajafika mlangoni alikuwa ameshauliza kwa sauti kama humu ndani Wangoni bado wanaoga kwa zamu. Alivaa ukanda wa Rozwita. Pumzi ya mtoto ilihama kutoka kwa mama kwenda kwa mtani bila kukwama, na Kolumba, alipoambiwa sasa anaweza kugeuka, aligeuka. Mtoto alikuwa na rangi yake. Mama akaanguka magotini akakumbatia miguu ya mwanawe, akalia, na kulia kwake hakukumdhuru mtu.

Mgimwa alikuja kumpokea Twilumba. Alitazama kibano kidoleni kwa mzee, akamtazama mwenzake usoni, akarudisha mkono nyuma.

"Tangu lini?"

"Mchana," akasema Twilumba. Akaufungua ukanda.

Kifua cha mzee Gama kilishuka na kubaki chini. Kolumba alisikia ule ukimya, akainua kichwa. Alitazama kile kifua alichokuwa amekishikilia kwa macho siku nzima, na Twilumba aliona jinsi habari inavyomfikia, kidogo kidogo, mpaka mwisho.

"Tulikuwa tunamcheka," Kolumba akasema.

"Ndiyo, mama Rozi. Ndivyo tunavyofanya."

Haule alimfuata pembeni. Macho yake yalikuwa mekundu na kifua kilikuwa kinapiga filimbi. "Dada, nisikilize. Wataniuliza kwa nini sikumbonyeza kifua. Nitasema alikataa mwenyewe. Si alisema? Alisema tumfungue, nilimsikia kwa masikio yangu. Tukisema hivyo tutakuwa salama sote wawili."

Twilumba alimtazama. Alikuwa amechoka mpaka mifupani na kwa kitambo kidogo aliutamani ule usalama.

"Alisema kwa pumzi yangu," akajibu. "Na mimi nilikwambia neno la mtani halishikwi. Siwezi kulikataa asubuhi, jioni nikalipokea kwa sababu linaniokoa. Waambie nilikuzuia mimi. Waambie na habari ya ukanda aliovaa Mama Rozi, kidole ni changu."

"Watakunyang'anya kazi. Watakufunga."

"Wafunge. Mtoto anapumua."

Haule alitaka kubisha, akakosa pumzi ya kubishia, akaenda kukaa.

Twilumba akarudi kitandani kwa mzee. Alikibandua kisemeo kooni, akaivuta shuka vizuri, akaikalia ncha ya kitanda. Alitafuta tusi la kumpa, moja zuri la kumsindikiza, kama inavyompasa mtani. Hakulipata. Kwa mara ya kwanza tangu Jumapili pumzi ilikuwa yake peke yake. Akaiachia ile iliyomkaa kooni mchana kutwa, akalia kwa sauti, mabega yakitikisika, kifua kikipanda na kukwama na kushuka vyovyote kilivyotaka, na pale kitandani hakuna kilichosogea.